Sura ya Tano: Kati ya Kimbweta na Kioo cha Simu

Mjadala kuhusu kujifunza mtandaoni na kujifunza darasani umezoeleka kuendeshwa kama kesi ya wadai wawili mbele ya kadhi, ambapo lazima mmoja ashinde na mwingine aondoke mikono mitupu. Watetezi wa mtandao husifu uhuru wa muda na wingi wa maarifa, watetezi wa darasa husifu uso wa mwalimu na nidhamu ya ratiba, na kila upande haukosi mwanafunzi wa chuo kikuu aliye tayari kuutolea ushahidi. Sura hii inaanzia mahali pengine. Inauliza ni vitu gani hasa ambavyo darasa humpa mwanafunzi zaidi ya maneno ya mhadhiri, na vitu hivyo vinapoondoka, ni nani anayebaki na kazi ya kuvitafuta. Hoja yake ni kwamba darasani upo mzigo mkubwa ambao chuo hubeba bila kuutaja, na kwamba masomo yanapohamia mtandaoni mzigo huo huangukia mabegani mwa mwanafunzi, mara nyingi bila yeyote kutangaza kuwa umehama.

Maana ya istilahi

Kujifunza ana kwa ana ni kule ambako mhadhiri na wanafunzi wake hukutana mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Kujifunza mtandaoni ni kule ambako mafunzo, mazungumzo na upimaji hupitia intaneti, nako kuna sura mbili. Sura ya kwanza ni ya papo kwa papo, ambapo wote huingia saa ileile katika programu ya mikutano kama Zoom au Google Meet. Ya pili ni ya kila mtu kwa wakati wake, ambapo mwanafunzi hukuta video, maandiko na kazi zikimsubiri katika mfumo wa usimamizi wa masomo, yaani programu ambayo chuo hutumia kuhifadhi mafunzo, kupokea kazi na kutoa alama. Mfumo mmoja unaojulikana sana katika vyuo vya Afrika Mashariki ni Moodle, uliobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ambao vyuo huupendelea kwa sababu hautozwi ada ya leseni. Pale njia hizi mbili zinapounganishwa kwa mpango, sehemu ya somo ikafanyika darasani na sehemu nyingine mtandaoni, huitwa kujifunza mseto.

Elimu ya masafa kabla ya intaneti

Kusoma mbali na mwalimu hakukuletwa na intaneti. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu waliosoma nje ya kuta zake, na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1873, kiligeukia ufundishaji kwa njia ya posta mwaka 1946. Ndicho kilichomtunuku Nelson Mandela shahada ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Nchini Tanzania, Bunge lilipitisha mwaka 1992 Sheria Namba 17 iliyokianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na nchini Kenya, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kilikabidhiwa hati yake Agosti 2023. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, kikarusha mihadhara kwa setilaiti, kisha makao yake yakahamia Nairobi.

Historia hiyo ina funzo linalosahaulika kwa urahisi. Vyuo vya elimu ya masafa, yaani elimu inayomfikia mwanafunzi huko aliko, vilijua tangu mwanzo kwamba msomaji wao, ambaye aghalabu ni mwalimu wa shule, muuguzi au mtumishi wa umma anayefungua daftari baada ya kazi, yuko peke yake; kwa hiyo viliandaa vitabu vinavyozungumza na mtu aliye peke yake, vikafungua vituo vya mikoa ambako angekutana na walimu na wenzake, na vikapanga mitihani katika vituo hivyo. Kwa maneno mengine, vilitambua kile ambacho darasa lingempa mwanafunzi huyo, kisha vikajenga mbadala wake. Kazi hiyo huchukua miaka. Mwezi Machi 2020 haikupewa hata wiki mbili.

Machi 2020

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru taasisi za elimu zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa mpaka tarehe 20 ya mwezi huo kuwaondoa wanafunzi. Tanzania ilifunga shule tarehe 17 na vyuo tarehe 18, ikafungua tena vyuo tarehe 1 Juni. Uganda ilifunga taasisi zake za elimu tarehe 20 Machi, na shule zake hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, kipindi kirefu kuliko cha nchi nyingine yoyote duniani. Kwa hesabu ya UNESCO, katika kilele cha kufungwa huko wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 wa ngazi zote walikuwa nje ya madarasa yao.

Mwezi huohuo wa Machi, Charles Hodges na wenzake wanne nchini Marekani walichapisha makala iliyopendekeza istilahi mpya: ufundishaji wa dharura kwa umbali. Walitaka watu watofautishe kozi ya mtandaoni iliyobuniwa kwa miezi kadhaa, ikapangiwa shughuli, muda na msaada, na somo la darasani lililotupwa mtandaoni kwa sababu mlango wa darasa umefungwa. Tofauti hiyo ni ya msingi, kwa sababu wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki walioonja masomo ya mtandaoni kwa mara ya kwanza katika mwaka huo waliionja dharura, wakaihukumu njia nzima kwa kipimo hicho. Hukumu yao isipuuzwe hata hivyo, kwa maana dharura ilifichua waziwazi mambo ambayo katika siku za kawaida yangeendelea kufichika.

Kile ambacho darasa hutoa bila kutaja

Mwanafunzi anayeingia ukumbi wa mihadhara saa mbili asubuhi hupewa vitu vingi ambavyo havimo katika muhtasari wa kozi. Hupewa kiti, mwanga na mahali ambapo hakuna atakayemtuma dukani. Hupewa ratiba inayomlazimisha kuamka, na umati wa wenzake ambao kwa kuwapo kwao tu humwambia kwamba wiki ya mtihani imekaribia. Hupewa pia macho ya mhadhiri, ambaye akiona mapaji ya nyuso yamekunjamana hurudia hoja kwa mfano mwingine, hata kama hakuna aliyenyoosha mkono.

Halafu kuna kinachofuata baada ya kipindi. Katika vyuo vya Tanzania kipo kitu kinachoitwa kimbweta, nacho ni meza na mabenchi ya zege yaliyojengwa nje, mara nyingi chini ya mti, ambapo wanafunzi kadhaa hukaa wakielekeana wakiwa na madaftari na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Hapo ndipo hufanyika kile wanachokiita diskasheni: aliyeelewa huwaeleza wasioelewa, asiyekubali hubisha, na swali ambalo mtu aliona haya kuliuliza mbele ya umati wa darasa huulizwa bila woga. Jambo la kuangaliwa kwa makini ni lugha. Mhadhara umetolewa kwa Kiingereza, slaidi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtihani utafanywa kwa Kiingereza, lakini kimbwetani dhana huvuliwa vazi hilo, ikaelezwa kwa Kiswahili, ikapewa mfano wa daladala, wa shamba la mahindi au wa mchezo wa upatu, kisha ikavishwa tena Kiingereza chake kwa ajili ya karatasi ya majibu. Kimbweta, kwa hiyo, ni darasa la pili ambalo chuo hakilipii mwalimu, na kwa mwanafunzi aliyetoka sekondari ya kata akiwa na Kiingereza cha kuungaunga, huenda ndilo darasa linalomwokoa asirudie mtihani wa masomo aliyofeli, ambao wanafunzi huuita sapu, au asiondolewe kabisa chuoni, yaani asidisko. Waswahili walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Somo linapohamishiwa mtandaoni, kinachohamishwa ni mhadhara. Kimbweta hakihami chenyewe. Wanafunzi hujaribu kukijenga upya katika makundi ya WhatsApp, ambako ujumbe wa sauti wa dakika tatu, uliorekodiwa usiku na mwenzao aliyeelewa, huzunguka kutoka simu hadi simu na kufanya kazi ambayo video ya saa nzima haikuifanya. Makundi hayo yanastahili heshima, lakini yana mipaka: mchoro hauelezeki vizuri kwa sauti, swali la saa nne usiku hujibiwa kesho yake, na mwenye haya anaweza kusoma kila kitu kwa muhula mzima bila kuandika neno.

Haki inataka isemwe vilevile kwamba darasa si pepo. Katika kozi za lazima za mwaka wa kwanza, ambazo hukusanya mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja, aliyechelewa husimama mlangoni, wa nyuma hunakili asichokiona, na kipaza sauti kikiharibika kipindi huwa cha walio mbele tu. Kwa wanafunzi hao, umbali ulikuwapo tayari kabla ya intaneti kufika.

Kile ambacho mtandao hutoa kwa kweli

Faida ambayo darasa haliwezi kuitoa ni kurudia. Mhadhara uliorekodiwa husimamishwa, hurudishwa nyuma na kusikilizwa mara tatu, na kwa mtu anayejifunza kwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, uwezo huo ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa na mwenye Kiingereza chepesi. Pamoja na hilo, uwanja wa maandishi humpa nafasi yule ambaye ulimi wake ni mzito hadharani. Anayo dakika ya kufikiri, kuandika, kufuta na kuandika upya kabla ya kutuma.

Wanaofaidika zaidi ni wale ambao ratiba ya darasa ilikuwa imewafungia mlango. Muuguzi wa zamu za usiku, mama anayenyonyesha, mwalimu wa Kigoma asiyeweza kuacha kazi kwa miaka mitatu, na mtumiaji wa kiti cha magurudumu ambaye ukumbi wake uko ghorofa ya pili katika jengo lisilo na lifti, wote hawa hupata chuo kikuu kwa njia ya mtandao au hawakipati kabisa. Lakini hata hapa mlango hufunguka ikiwa umetengenezwa kufunguka. Mwanafunzi asiyeona hutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti, na programu hiyo husoma vizuri hati iliyochapwa kwa kompyuta. Ikikutana na kurasa za kitabu zilizopigwa picha na kupakiwa hivyohivyo, hukaa kimya, kwa kuwa mbele yake hakuna herufi bali picha tu. Mhadhiri aliyepakia kurasa hizo hujiona amewagawia wanafunzi wote kitabu, ilhali mmoja wao amepewa karatasi tupu.

Hesabu ya bando

Gharama ya mtandao huonekana vizuri inapotazamwa kupitia simu, kwa sababu simu janja ndiyo kompyuta ya pekee ya wanafunzi wengi. Kikao cha video cha watu wengi huweza kula zaidi ya nusu gigabaiti kwa saa. Mwanafunzi mwenye kozi tano, kila moja ikiwa na saa tatu za papo kwa papo kwa wiki, anahitaji kwa kiwango hicho zaidi ya gigabaiti saba kwa wiki, kabla hajafungua kitabu hata kimoja cha rejea, na bando hilo hulipwa kutoka katika fedha ileile ya mkopo inayotakiwa kumlisha. Kikao hichohicho kikiwa cha sauti peke yake hakifikishi megabaiti 50 kwa saa. Uamuzi wa mhadhiri wa kuwasha au kuzima video, ambao kwake ni wa kubonyeza kitufe kimoja, kwa mwanafunzi ni uamuzi kuhusu mlo.

Bando likipatikana, kioo chenyewe kina ukomo wake. Jedwali la safu nane lililosomeka ukutani huwa mchwa kwenye simu. Simu ikipigwa katikati ya kipindi sauti ya mhadhiri hukatika. Insha ya kurasa kumi huandikwa kwa vidole gumba viwili. Na programu za uchambuzi wa takwimu au uchoraji wa kihandisi zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta hazifunguki. Umeme ukikatika na mnara ukazidiwa, mwanafunzi huondolewa kikaoni, na anaporudi mada imekwishapita. Mhadhiri, ambaye anachokiona ni orodha ya majina yenye kamera zilizozimwa, hana njia ya kumtofautisha aliyekatikiwa na mtandao na aliyelala.

Nyumba nayo si mahali pa kusomea kwa watu wote. Mzazi aliyezoea kuona simu kama chombo cha mchezo humwona kijana wake akiwa kwenye simu tu, na hamwoni akiwa chuoni. Binti aliyerudi nyumbani hutarajiwa jikoni na kisimani kwa saa zilezile ambazo ratiba inasema yuko katika somo la uchumi, na kuomba udhuru kwa ajili ya kitu kisichoonekana ni kazi ngumu mbele ya mama aliyechoka. Alipokuwa bwenini, chuo kilikuwa kimemwombea udhuru huo bila yeye kujua.

Uchovu wa kutazamana

Hata penye umeme, bando na chumba cha peke yako, kikao cha video huchosha kwa namna yake. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika makala aliyoichapisha Februari 2021, alieleza sababu nne: nyuso kubwa zinazomkodolea mtu macho kwa karibu mno, kujitazama mwenyewe kwa saa nyingi kama mbele ya kioo, kukaa mahali pamoja bila kujongea, na akili kulazimika kufanya kazi ya ziada kutafuta ishara ambazo mwili huzitoa bila taabu watu wanapokuwa pamoja. Kuzima kamera hupunguza uchovu wa mwanafunzi, lakini huzima pia yale macho ya mhadhiri yaliyotajwa awali, naye hubaki akizungumza kama mtu anayehutubia kisima.

Matokeo ya utafiti

Swali la nani hujifunza zaidi limechunguzwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 1999 Thomas Russell alichapisha kitabu kilichokusanya ripoti 355 za utafiti, na picha aliyoiona ni kwamba, kwa ujumla, chombo kinachotumika kufundishia hakileti tofauti kubwa katika alama. Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa toleo lililorekebishwa la uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja, ulioonyesha kwamba waliosoma mtandaoni walifanya vizuri kidogo kuliko wa darasani, na kwamba mseto ndio uliokuwa na nguvu zaidi. Lakini wachambuzi wenyewe walitahadharisha kuwa kozi hizo ziliwapa wanafunzi muda na nyenzo zaidi, hivyo sifa isipewe mtandao peke yake.

Wastani, hata hivyo, huficha watu. Di Xu na Shanna Smith Jaggars, walipofuatilia wanafunzi wa vyuo vya jamii katika jimbo la Washington nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2014, waliona kwamba wanafunzi kwa jumla walipata alama za chini zaidi katika kozi za mtandaoni, na kwamba pengo lilikuwa pana zaidi kwa wavulana, kwa vijana wadogo, kwa Wamarekani weusi na kwa wale waliokuwa tayari na alama hafifu. Anayeumia ni yule aliyekuwa akilitegemea zaidi darasa kumpa kile asichokuwa nacho kwingine. Hali hiyo ya Washington inaeleweka kwa urahisi na mtu yeyote aliyewahi kuketi kimbwetani.

Umbali usiopimwa kwa kilomita

Nadharia inayosaidia kuyaunganisha mambo haya ilijengwa na Michael Moore, msomi ambaye katika miaka ya 1960 alifanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya kabla ya kuendelea na kazi yake Amerika ya Kaskazini. Moore alieleza kwamba umbali katika elimu ni pengo la maelewano kati ya mwalimu na mwanafunzi, na kwamba pengo hilo hutegemea mambo matatu: mazungumzo yanayoendelea kati yao, mpangilio wa kozi yenyewe, na uwezo wa mwanafunzi wa kujiongoza. Mazungumzo yakipungua, mwanafunzi hulazimika kujiongoza zaidi.

Kwa kipimo hicho, ukumbi wa wanafunzi mia sita wasiopata nafasi ya kuuliza ni mbali, hata kama mhadhiri yuko hatua kumi. Na kozi ya mtandaoni ambayo mhadhiri wake hujibu maswali ndani ya siku moja, hurudisha kazi zikiwa na maelezo na kuwagawa wanafunzi katika vikundi vidogo vyenye kazi ya pamoja, ni karibu. Umbali mkubwa kuliko wote ni ule wa mfumo uliojazwa slaidi ambazo hakuna anayezizungumzia, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka shule iliyomfundisha kukariri akaachwa ajiongoze humo.

Chuo kifanye nini

Njia ya mseto ndiyo inayopendekezwa katika sura hii, kwa sharti kwamba kila sehemu ifanye kazi inayoiweza. Maelezo marefu ya upande mmoja yarekodiwe katika vipande vya dakika kumi au kumi na tano, vyepesi kupakuliwa mara moja pale penye mtandao wa bure na kusikilizwa baadaye bila bando. Muda wa darasani uachiwe maswali, mjadala, maabara na mazoezi ya vitendo. Sauti na maandishi vitangulie video. Vikundi vidogo vya majadiliano vipangwe rasmi na kupewa alama, na viruhusiwe kujadiliana kwa Kiswahili, ili kimbweta kiwe na makao mtandaoni. Hati zipakiwe katika hali inayosomeka kwa wasioona. Mitihani ya mtandaoni iulize matumizi ya maarifa badala ya kumbukumbu, kwa kuwa maswali ya kukariri mbele ya intaneti humwadhibu mwaminifu. Na kabla ya muhula kuanza, chuo kihesabu bando ambalo kila kozi italihitaji, kama kinavyohesabu viti vya ukumbi kabla ya kudahili.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo kipimo cha nia njema. Hakuna chuo kinachomwambia mwanafunzi aje na kiti chake, taa yake na ubao wake, kwa sababu vitu hivyo vinajulikana kuwa sehemu ya elimu aliyoilipia. Chuo kinachopokea ada kina deni la darasa kwa mwanafunzi wake, na darasa hilo likihamishiwa mtandaoni, deni linabaki palepale mpaka lilipwe.